Fundi Aliyevunja Kiwanja Chake

Sisi wa kazini tulimwogopa Fundi kuliko tulivyomwogopa mwenye kampuni. Mwenye kampuni akikasirika alipiga meza, na baada ya dakika tano alikuwa ameagiza chai. Fundi akikasirika alinyamaza. Angeweza kukaa siku tatu bila kukuambia neno, kazi ikiendelea, na wewe uliyemkosea ukizunguka hujui uombe radhi au ukimbie.

Kazi yake ilikuwa kujenga viwanja vya tenisi. Alijenga vitu vingine pia, maana hakuna mtu anayeweza kula kwa tenisi peke yake, lakini shule kubwa au klabu ikitaka kiwanja, kuanzia mjini Kisumu mpaka njia ya Kericho, aliitwa yeye. Mimi nilikuwa mchora ramani wa kampuni, mwaka wangu wa kwanza ukiwa katikati ya miaka ya themanini. Aliniita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu kwetu ni Seme. Sidhani kama mwaka huo wote alijua jina langu lingine.

Siku ya kwanza nilipompelekea mchoro, aliuangalia akiwa amesimama, akaukunja, akaniuliza, "Ulishaenda pale?"

"Bado, Fundi. Nilitumia vipimo vya ofisi."

"Twende."

Tulipofika alimwagiza mtu alete ndoo mbili za maji. Akaniambia nivue viatu. Nilikuwa na viatu vipya vya kamba, na wanaume kumi na wanane walikuwa wananitazama. Nikavua. Akamwaga maji polepole juu ya udongo uliosawazishwa, akaniambia nifuate kwa miguu.

"Yanaenda wapi?"

"Kule," nikasema, nikionyesha upande wa uzio.

"Karatasi yako inasema yanaenda wapi?"

Karatasi yangu ilisema upande mwingine. Hakunicheka, wala hakuniruhusu nivae viatu mpaka nilipomaliza kupima upya kila pembe. Jioni, miguu ikiwa myeusi mpaka kwenye kifundo, niliapa nitaomba kuhamishwa. Kesho yake aliniita nishike ncha moja ya mpira wa maji, kazi ambayo hakumwachia mtu yeyote. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema yamekwisha. Maneno ya kuomba msamaha sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Ule mpira wa maji niueleze. Ni mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na maji yakitulia pande zote mbili, kimo chake ni kimoja. Kampuni ilikuwa na darubini ya kupimia, imefungwa kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu. Fundi aliitumia mhandisi alipokuwa karibu, na mhandisi akiondoka aliukunjua mpira wake na kupima tena. Mtu akimwambia, "Nafikiri iko sawa," alijibu, "Usiniambie unafikiri. Niambie umepima."

Alikuwa na mambo mawili ambayo hayakujadiliwa. La kwanza ni jua. Kiwanja lazima kilale kusini kwa kaskazini, ili asubuhi na jioni asiwepo mchezaji wa kupigwa na jua machoni. Mwalimu mkuu mmoja alitaka chake kilale sambamba na ukumbi mpya, kwa sababu kingependeza kwenye picha. Fundi alimsimamisha kule mwisho wa uwanja saa kumi na moja jioni, uso ukielekea ziwani, jua linakotua, akaanza kumrushia ndimu.

"Daka, Mwalimu."

Ndimu ya tatu ilimpata kwenye paji la uso. Kiwanja kikageuzwa, na mwalimu mkuu huyo hakumpa tena kazi.

La pili ni udongo mweusi. Anayeishi Kisumu anaujua: wakati wa mvua unavimba na kushika gumboti, wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukijenga juu yake, baada ya mwaka kiwanja kina mawimbi. Fundi alitaka uchimbwe wote utolewe, futi mbili au tatu mpaka ufike kwenye kitu kigumu, halafu yajazwe mawe, juu yake murram, changarawe nyekundu ya barabara, na juu kabisa udongo wa kichuguu uliopondwa, ukachekechwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa kwa rola, tabaka moja baada ya jingine. Shuleni upande wa Awasi, alipokwenda maziko ya shemeji yake, waliobaki walipata uvivu wakarudisha udongo mweusi kwenye robo ya shimo na kuufunika kwa mawe. Aliporudi alitembea juu yake mara moja tu. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya matofali, akachukua sururu na kuanza kuchimba peke yake. Hakumwita mtu. Wanaume wale walisimama kwa muda, kisha mmoja mmoja wakachukua majembe. Siku tatu hakuna sauti ya mtu iliyosikika pale.

Msidhani kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili anasoma masomo kwa sauti nzito, na Jumatatu alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Aliwahi kuitupa redio ya mtu kisimani kwa sababu mpira wa miguu ulikuwa ukitangazwa wakati wa kupima. Alizaliwa na kukulia karibu na ziwa lakini hakuwahi kupanda mtumbwi. Akiona maji yasiyo na mteremko, alisema, tumbo linamcheza. Na tenisi yenyewe hakuicheza hata siku moja. Nilimuuliza sababu. "Mimi nikimaliza kiwanja," akasema, "naona watu wanakuja kukiharibu." Alikaa nje ya uzio siku za kwanza za kila kiwanja, akiwaangalia wachezaji miguuni, na aliyeingia na viatu vya ngozi alifukuzwa hata kama ni mwenye klabu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kwa sababu na mimi nimo ndani.

Klabu moja ya mjini, juu ya mteremko unaoangalia ziwa, ilitaka kiwanja kipya. Mahali palikuwa pagumu. Upande wa mashariki, juu, kulikuwa na jengo la klabu na maegesho ya magari. Mvua ikinyesha, maji ya paa lote na ya maegesho yalishuka kwenye kiwanja. Upande wa magharibi, chini, zilikuwa nyumba za wafanyakazi, milango saba, jikoni zake za udongo zikiwa zimeegemea mteremko. Fundi na mimi tulipanga mfereji upite juu ya kiwanja na kupeleka maji kaskazini, mpaka kwenye mtaro wa barabara. Kiwanja chenyewe tukakipa mteremko mdogo kuelekea huko huko kaskazini. Ulikuwa mchoro mzuri. Nilijivunia.

Kisha, kwenye pembe ya kaskazini, wachimbaji wa mfereji wakakuta mwamba.

Kuukata kungechukua wiki tatu au zaidi. Na mgeni mkubwa kutoka Nairobi alikuwa ameshapangiwa siku ya kufungua, hema limeagizwa, barua za mwaliko zimepelekwa. Wanaokumbuka miaka ile wanajua maana ya kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba mambo hayako tayari. Watu walipoteza kazi kwa mambo madogo kuliko hayo, na wengine walipotea wenyewe kwa muda, na waliporudi hawakusimulia.

Mwenye kampuni aliniita akafunga mlango.

"Geuza mfereji," akasema. "Uende kusini, uzunguke kiwanja, ushuke magharibi."

"Magharibi kuna nyumba, Bwana."

"Ni kwa mwezi mmoja. Baada ya sherehe tutakata mwamba na kuurudisha."

"Na mvua ikija kabla?"

"Wewe una watoto wangapi?"

Nilikuwa na wawili, na mume wangu alikuwa hana kazi tangu mwaka uliotangulia. Nilirudi kwenye meza yangu, nikafuta mstari mmoja na kuchora mwingine. Haikuchukua hata saa nzima. Chini ya mteremko, mahali ambapo mchoro wa kwanza ulionyesha milango saba, kwenye mchoro mpya sikuchora kitu.

Fundi alikuja ofisini mchana ule ule. Aliikunjua karatasi mbele yangu na kuweka kidole pale palipokuwa tupu.

"Nani amechora hii?"

"Mimi."

"Hapa kuna nini?"

Nilianza kupanga penseli zangu.

"Nyar Seme. Hapa kuna nini?"

"Kuna watu," nikasema.

Akaingia kwa mwenye kampuni. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia sauti ya mwenye kampuni ikipanda na kushuka, na ya Fundi sikuisikia kabisa. Alipotoka hakunitazama. Nilikuwa na hakika ataacha kazi. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kule juu nikamkuta anawasimamia watu, na mfereji unachimbwa kuelekea kusini.

Alijenga. Kwa wiki mbili alijenga kama mchoro wangu ulivyosema, bila kunisemesha, na mimi kila asubuhi nilitazama mawingu upande wa milima ya Nandi, ambako mvua yetu ya jioni hutoka. Siku zote hizo mawingu yalijikusanya na kutawanyika. Hakuna kati yetu aliyeteremka kuwaambia watu wa ile milango saba. Nilijiambia Fundi atawaambia. Baadaye nilijua kwamba naye alijiambia klabu itawaambia.

Siku ya sherehe kiwanja kilikuwa chekundu, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, mistari myeupe imenyooka. Mgeni alifika akiwa amechelewa saa mbili. Hotuba zikaanza. Nilikuwa nimekaa nyuma ya hema pamoja na watu wa kampuni, na Fundi amesimama nje ya uzio na koti lake la kaki, si kwa sababu hakualikwa bali kwa sababu ndiko alikokaa siku zote. Kuelekea saa kumi upepo wa ziwani ulikatika ghafla. Nikageuka, nikaona upande wa Nandi pamekuwa peusi kama chini ya sufuria.

Mvua haikuanza kidogo kidogo. Ilianguka yote mara moja. Watu walijibana katikati ya hema, askari wakafungua miavuli juu ya mgeni, na paa la klabu likaanza kunguruma. Niliona maji ya maegesho yakifika kwenye mfereji, yakiujaza, yakikimbia kusini. Sikuweza kuona yanakoshukia. Nilisikia tu. Kwanza chombo cha bati kiligonga mahali, kisha kikatoka kishindo kizito, kama gunia lililoangushwa, kisha mwanamke akapiga kelele.

Fundi alikuwa ameshapita mlango wa uzio. Sijui sururu aliitoa wapi. Aliingia kwenye kiwanja na gumboti zake, yeye aliyekuwa akifukuza watu kwa viatu, akakimbia mpaka katikati ya upande wa juu, akaanza kuupiga ukingo wa matofali uliozuia mfereji usimwagikie kiwanjani. Mwenyekiti wa klabu alipiga kelele kutoka hemani. Askari mmoja akakimbia, akateleza, akaanguka. Fundi aliendelea kupiga. Tofali la kwanza likatoka, la pili, kisha maji yenyewe yakamalizia kazi na kuusukuma ukingo wote kando.

Yalimwagika juu ya kiwanja kwa upana wake, yakafuata mteremko ule mdogo tulioupima kwa mpira wetu, kaskazini, yakapita chini ya uzio mpaka kwenye mtaro wa barabara. Yalikwenda vile vile tulivyoyapangia mwanzoni. Na yalichukua kila kitu: mistari, udongo wa kichuguu wa wiki sita, murram yote. Katikati ya kiwanja ulifunguka mfereji wa kina cha goti, mawe yakaonekana. Fundi alisimama pale huku maji yakimpita miguuni mpaka askari wawili walipomshika mikono.

Chini, jikoni mbili zilikuwa zimeanguka. Mke wa dobi wa klabu alikuwa ndani ya moja, akipika. Ukuta ulimlalia kwenye nyonga. Wanaume walimtoa akiwa hai, wakambeba juu ya mlango hadi kwenye gari. Waliokuwa pale walisema kama maji yangeendelea kwa dakika kumi zaidi, safu yote ingeondoka.

Siku ya nne tuliitwa kwenye chumba cha mikutano cha klabu: mwenye kampuni, mimi, mwenyekiti, na afisa wa polisi ambaye hakujitambulisha. Fundi aliletwa kutoka kituoni. Midomo yake ilikuwa imekauka, na koti lake halikuwa na kifungo hata kimoja. Nilikuwa na michoro yote miwili kwenye bomba la karatasi magotini pangu. Mwenye kampuni alikuwa ameniambia nije na mmoja, ule wa kwanza. Nilibeba miwili, nikiwa na nia, namshuhudia Mungu, ya kuitoa.

Afisa aliuliza, "Nani alikutuma kumwaibisha mgeni?"

"Hakuna."

"Kwa nini maji yalishuka kwenye nyumba za watu? Mchoro ulikuwa na makosa?"

Mwenye kampuni alikuwa ananitazama mimi, wala si Fundi. Niliweka mkono kwenye kifuniko cha bomba.

"Mchoro ulikuwa sawa," Fundi akasema. "Mimi nilikosea kupima."

Ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akisema uongo, na aliusema wazi, bila kupepesa macho. Na mkono wangu ukabaki pale pale kwenye kifuniko. Waliandika maneno yake, akatia sahihi, akarudishwa kituoni kwa siku nyingine mbili, kisha akaachiwa. Kampuni haikumrudisha kazini. Habari ilienea mjini kwamba yule fundi wa viwanja hajui kupima. Niliisikia ikisemwa ofisini kwetu, mbele yangu, na watu ambao alikuwa amewafundisha kazi. Mwamba ulikatwa mwezi uliofuata. Mchoro wa mfereji huo mpya niliuchora mimi, na mwaka huo nilipandishwa cheo.

Niliacha kampuni baada ya miaka miwili, nikaenda kufundisha uchoraji wa majengo chuoni. Kila mwaka nilijiambia nitamtafuta. Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati nilipoambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba shule moja kupita Nyamasaria inajengewa kiwanja na mzee mmoja mkorofi sana, amewafanya wazazi waliojitolea wachimbe udongo wote mweusi mpaka chini. Nilikwenda Jumamosi.

Alikuwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, amekonda, miwani imefungwa uzi. Wazazi walikuwa wanasukuma rola. Hakusimama.

"Nyar Seme," akasema. "Umenenepa."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka minane. Niliyasema yote hapo nikiwa nimesimama juani: mchoro, bomba la karatasi, kifuniko, jinsi alivyojitoa kwa ajili yangu na watoto wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiangalia rola.

"Nani alikuambia ilikuwa kwa ajili yako?"

Nikageuka nami kutazama rola.

"Wangeniuliza, mchoro mbaya uliuona lini? Ningesema niliuona siku ya kwanza. Wangeniuliza, na uliujenga? Ningesema niliujenga." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilikuwa na wiki mbili. Ningeweza kuacha. Ningeweza kushuka nigonge milango saba. Nilisema nilikosea kupima kwa sababu hilo ndilo kosa ambalo lingekuwa rahisi kubeba."

"Lakini uliwaokoa, Jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa lugha yetu.

"Si wote."

Rola ilifika mwisho ikageuzwa. Alinyanyua mkono kuwaonyesha wazazi wapunguze mwendo. Kisha akaniambia kwamba yule mke wa dobi anaishi mtaa wa Kaloleni sasa, kwa dada yake, na kwamba yeye humtembelea kila Jumapili baada ya kanisa. Mara ya kwanza mama yule alimmwagia maji ya vyombo. Mara ya pili hakumfungulia. Ya tatu alifungua.

"Nilimwambia mimi ndiye nilijenga," akasema. "Huwa ananiuliza nani alichora. Namwambia siwezi kusema jina la mtu ambaye hayuko." Sasa ndipo aliponitazama usoni. "Kesho ni Jumapili."

Sikulala vizuri, lakini nilikwenda. Tulikutana mbele ya kanisa lake, tukatembea mpaka Kaloleni, kwenye nyumba ya dirisha la bluu. Alipiga hodi. Mama alikuwa ameketi ndani, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, anachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Siku zote nilikuwa nimemfikiria mzee, kumbe tulilingana umri.

"Leo umekuja na mgeni," alimwambia Fundi.

"Atajitambulisha mwenyewe," Fundi akajibu, na hakukaa. Alibaki mlangoni, mkono kwenye fremu.

Nilitaja jina langu. Kisha nikasema, "Mimi ndiye niliyechora ule mfereji."

Vidole vyake vilisimama juu ya omena.

"Ulijua tuko pale chini?"

"Nilijua."

Nje mtu alikuwa anakinga maji ya bomba kwenye debe, tukasikia debe likijaa mpaka likafurika. Mwishowe mama aliinama kwa shida, akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akaushusha chini, na kigoda alichokuwa ameuwekea akakisukuma upande wangu.

"Bed piny," akasema. Kaa chini. "Anza pale walipokuambia ugeuze. Usiruke kitu."

Nikakaa. Nyuma yangu nilimsikia Fundi akitoka na kuufunga mlango taratibu.